Watu sita kwa elfu kumi kwa siku: hela ilikuwa inaungua jikoni kabla chakula hakijaiva

MamaWatatu (mwanzisha uzi)

Habarini ndugu zangu.

Nyumba yetu ina watu sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Tunaishi Mbagala. Mume wangu ni fundi plasta, na kazi ya fundi mnaijua, saiti ikisimama na hela inasimama. Mwaka jana ilisimama miezi minne. Hela ya matumizi ikashuka kutoka elfu kumi na nane kwa siku hadi elfu kumi, na humo humo mna mkaa, mafuta, chumvi na sukari ya chai ya mama.

Cha kwanza nilichofanya ni kukata chakula. Maziwa yakaondoka, samaki wakaondoka, ikawa ugali na mchicha siku nne mfululizo. Mtoto wa mwisho akaanza kurudisha sahani. Na bado ikifika saa kumi jioni kipochi kitupu, namtuma mkubwa dukani akakope nyanya.

Nikachukua daftari, nikaandika kila shilingi inayotoka kwa wiki mbili, hata ya kiberiti. Katika ile elfu kumi, elfu tatu ilikuwa mkaa. Visado viwili kila siku, elfu moja na mia tano kimoja. Elfu moja na ushee nyingine ilikuwa inavuja kwenye vipimo vidogo vya dukani, hesabu yake nitaiweka hapa chini. Kwa hiyo kile kinachoingia mdomoni kwa watoto kilikuwa kinapata kidogo zaidi ya nusu ya hela, na mimi nilikuwa nakata kwenye nusu hiyo hiyo.

Nimeandika uzi huu kwa ajili ya mama yeyote ambaye sasa hivi anawaza apunguze nini sahanini. Kabla hujagusa sahani, angalia kwanza jiko na kipimo. Bei ninazotaja ni za mtaani kwetu, kwako zitatofautiana.

MamaWatatu

Naanza na mkaa.

Maharage ndiyo yaliyokuwa yananimaliza. Nilikuwa nayaosha saa tisa mchana, nayabandika makavu, naongeza mkaa mara ya kwanza, naongeza mara ya pili, saa moja usiku bado yanagonga. Sasa nayaloweka usiku baada ya kula. Asubuhi namwaga yale maji, nasuuza, naweka maji mapya. Yanaiva kwa karibu nusu ya muda wa zamani, na hata tumbo halijai gesi kama mwanzo. Maharage ya zamani, yaliyokaa ghalani msimu mzima, ni magumu hata ukiyaloweka, kwa hiyo namuuliza muuzaji ni ya lini na ninaangalia ngozi. Yaliyofifia rangi na kukunjamana nayaacha hata akipunguza bei, kwa sababu nitakachookoa sokoni nitakilipa kwenye mkaa.

La pili ni mpangilio wa moto. Jiko likiwashwa linawashwa mara moja, na kila hatua ya moto ina kazi yake. Moto mkali wa mwanzo ni wa maharage au kande. Ukianza kutulia napika wali au ugali. Makaa yakishavaa majivu, nafukia viazi vitamu au nabandika mihogo, hicho ni kifungua kinywa cha kesho. Ya mwisho kabisa yanapasha maji ya mama ya kuoga. Zamani nilikuwa nawasha jiko asubuhi kwa chai, nazima, nawasha mchana, nazima, nawasha jioni. Kila kuwasha kunakula mkaa kabla sufuria haijapata joto.

La tatu ni kapu, na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Chukua kapu kubwa la ukili, au hata boksi. Tandika blanketi kuukuu chini na pembeni, jaza vizuri mpaka sufuria ikae imebanwa. Maharage yaliyolowekwa nayachemsha yatokote kweli kweli dakika ishirini na tano, na mfuniko uwe unabana. Nikiipua, naingiza sufuria kwenye kapu palepale, nafunika na mto na khanga nzito. Naenda zangu kwenye shughuli. Baada ya saa tatu au nne nakuta yameiva au yamebakiza kidogo sana. Nayarudisha motoni yachemke tena, ndipo naunga.

Mambo mawili hapo msiyapuuze. Maharage, hasa yale mekundu, lazima yatokote angalau dakika kumi kamili kabla ya kuingia kwenye kapu. Yana sumu ya asili inayoharibika kwa kutokota tu, joto dogo haliiondoi, na mtu anaweza kuharisha na kutapika vibaya. Na sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu, kwa sababu chakula kidogo kinapoa haraka. Ukifungua ukakuta vuguvugu, rudisha motoni hapo hapo yatokote.

Wali nao unakubali kapu. Maji yakikaukia usawa wa mchele, unaipua na kuifukia kwenye kapu dakika arobaini. Huna haja ya kupalia makaa juu ya mfuniko, na ukoko unakuwa mdogo. (Watoto wangu walilalamika, wanapenda ukoko. Jumapili nawapalia.)

Sasa natumia kisado kimoja kwa siku, mara nyingine kinabaki. Elfu moja na mia tano kila siku ni elfu arobaini na tano kwa mwezi. Sikumnyima mtu tonge kuipata.

Bachela_Sinza

Dada asante kwa uzi. Mimi naishi geto peke yangu, nina jiko la gesi la mtungi mdogo wa kilo sita. Je, gesi si nafuu kuliko huo mkaa? Mbona tunahimizwa sana tuhame?

MamaWatatu

Mdogo wangu, swali zuri. Kwa kitu cha haraka kama chai, mayai, kupasha mboga, gesi inashinda mkaa mbali, na macho hayawashi. Nchi imejiwekea lengo asilimia 80 ya watu wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote, nimemuuguza mama mkwe kifua miaka mitatu. Ila anayepata hela ya siku hana ile hela ya kujaza mtungi kwa mkupuo. Mkaa unauzwa wa mia tano, ndiyo maana unatushika. Siku hizi kuna mitungi yenye mita, unalipia kidogo kidogo kwa simu. Kama mtaani kwako wamefika, ulizia. Na kuloweka na kapu vinafanya kazi hata kwenye gesi, mtungi wako utakaa muda mrefu zaidi.

Nyali_Kwetu

Salaam kutoka Mombasa. Huo ununuzi wa vipimo vidogo huku kwetu Kenya tunauita kadogo. Mafuta ya kadogo, unga wa kadogo, mpaka sabuni. Dada tupe hiyo hesabu ya vipimo. Na usisahau mbaazi! Mbaazi zilizolazwa majini, zikapikwa na tui, asubuhi kwa mahamri, jioni kwa wali. Familia kubwa inashiba na mfuko haulii.

MamaWatatu

Nyali_Kwetu, mbaazi nazipenda kupita kiasi, nimezaliwa Lindi mimi, usinianze.

Hesabu ya vipimo ni hii. Dukani tunanunua mafuta ya kupima ya mia tano. Nilichukua chupa tupu ya soda ya mililita 350, kila siku nikawa namimina humo kabla ya kutumia, nione itajaa lini. Ilijaa siku ya tano. Yaani elfu mbili na mia tano kwa mililita 350. Ukipiga mpaka lita inafika zaidi ya elfu saba. Wakati huo huo kidumu cha lita tano kilikuwa elfu ishirini na saba, sawa na elfu tano na mia nne kwa lita. Simlaumu mwenye duka, naye ana kodi na anatukopesha tukikwama. Lakini tofauti ile ni yangu, na ilikuwa inaondoka kila siku bila kuonekana.

Mtasema, sasa mtu wa hela ya siku atapata wapi ya kidumu? Ni kweli, na hapa ndipo ushauri mwingi wa kubana matumizi unapomwacha mtu wa chini. Ukiambiwa nunua kwa jumla na huna hela ya jumla, umeambiwa nini?

Sisi tulifanya mchezo wa chakula. Wanawake wanne wa nyumba jirani, kila mtu elfu moja kila siku, hela anaishika mwenzetu mmoja tunayemwamini. Kwa wiki ni elfu ishirini na nane. Jumamosi alfajiri mmoja wetu anakwenda Tandale kwenye nafaka, kwa zamu, nauli inatoka kwenye hela ileile. Wiki ya kwanza kidumu cha mafuta. Ya pili maharage. Ya tatu mchele. Tunagawana kwa mizani ya dukani, mbele ya wote wanne, hakuna kukadiria kwa macho. Ugomvi wote wa vikundi unaanzia kwenye kukadiria.

Wiki mbili za mwanzo ziliuma, kwa sababu unatoa elfu moja na huku bado unanunua vya kupima. Nilizivuka kwa ile hela ya mkaa. Ndiyo maana nimeanza na mkaa, msianze na mchezo.

Mkulima_Kondoa

Mama, mahindi je? Mjini mnanunua sembe ghali wakati mahindi yapo.

MamaWatatu

Baba asante. Tunanunua mahindi na kusagisha dona. Ni nafuu na linashibisha kuliko sembe, kiini na ngozi vimo. Lakini dona halikai, lile pumba na kiini vina mafuta, baada ya wiki chache linaanza uchungu. Tunasagisha la wiki mbili tu.

Na kwa kuwa wewe ni wa Kondoa utanielewa kuliko wote hapa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ya kwenye mahindi. Kwa hiyo mahindi yetu tunayachambua kwenye ungo, punje moja moja, kama mchele wa harusi. Yenye ukungu, yaliyobadilika rangi, yaliyotobolewa na wadudu, yanatoka. Karanga vilevile. Sumu hiyo haifi kwa kupika, usidanganyike kwamba utachemsha sana au utakaanga. Karanga zilizosinyaa na kuwa nyeusi huuzwa bei ya kutupa, na mtu mwenye njaa anaona kapata. Hizo ndizo karanga za bei mbaya kuliko zote sokoni.

MamaWatatu

Sasa mapishi yenyewe. Sitaandika yote, nataja yanayotubeba.

Dagaa. Nyumbani kwetu ndiyo nyama. Mtu anayesema dagaa ni chakula cha shida hajala waliopikwa na mama mkwe wangu. Wanaliwa mzima mzima na mifupa yao, kwa hiyo mtoto anapata madini ya mifupa pamoja na nyama. Wa Mwanza ni nafuu, wa Kigoma ni watamu zaidi na bei iko juu. Chagua wanaong'aa fedha. Wakiwa wa manjano na harufu yao inakwama kooni, mafuta yao yameshaharibika, watakuwa wachungu hata uweke ndimu kumi. Kazi kubwa ni mchanga, hasa waliokaushwa chini. Natoa vichwa, nawapitisha maji ya vuguvugu haraka, nawakoroga kwa mkono nawanyanyua, mchanga unabaki chini, narudia mara tatu. Usiwaloweke, watavunjika. Kisha nawakausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka walie wanapogongana. Hapo ndipo naweka mafuta vijiko viwili, vitunguu, nyanya nyingi, ndimu mwishoni. Ukianza na mafuta wakiwa wabichi watakunywa mafuta yako yote. Kwa mtoto mdogo, wasio na chumvi, nawakausha hivyo hivyo, natwanga unga laini, kijiko kimoja kwenye uji.

Choroko. Hizi ni rafiki wa asiye na muda wala mkaa, zinaiva upesi hata usipoloweka. Nazi moja naikuna, nachuja tui zito naliweka pembeni, kisha nakamua tena mara mbili. Choroko zinaivia kwenye tui jepesi. Tui zito linaingia mwisho, linachemka mara moja, unaipua. Watu wengi wanaweka tui lote mwanzo, linakatika, ladha inapotea, halafu wanasema nazi moja haitoshi. Inatosha watu sita.

Matembele. Nunua fungu moja, chuma majani, usitupe mashina. Yachomeke kwenye kiroba chenye udongo, mwagilia maji uliyooshea mchele. Yanashika. Nina viroba sita ukutani na tangu mwezi wa tatu sijanunua matembele. Nikikosa nazi naunga kwa karanga za kusaga, na kisamvu ndivyo hivyo hivyo. Ila kisamvu kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu bila mfuniko kabla ya kuungwa, kibichi kina sumu. Hiki hakina njia ya mkato ya mkaa, kwa hiyo tunapika wanne kwenye sufuria moja na kugawana.

Nyama tunapata mara moja kwa wiki, robo kilo na mifupa. Mifupa inatokota kwanza ndipo inaingia kwenye kapu, baada ya saa tatu au nne narudisha motoni itokote tena, supu yake inabeba ndizi za watu sita, na ile robo inakatwa vipande vidogo.

DaktariWaMitishamba

Mnawalisha watoto maharage na dagaa mnajisifu. Mtoto anahitaji nyama na maziwa ili akue. Huu ni umaskini tu.

MamaWatatu

Ndugu yangu, ni umaskini kweli, sijaukana. Lakini sikubali kwamba mtoto anayekula ugali wa dona, maharage, dagaa na matembele ana hali mbaya kuliko anayekula soseji na soda. Nafaka na jamii ya kunde zikikaa sahani moja, kinachopungua huku kinajazwa na kule. Na ile elfu moja na mia tano ya mkaa ndiyo iliyorudisha mayai. Yai moja kila siku kwa mdogo, wakubwa kwa zamu. Maziwa yamerudi siku tatu kwa wiki. Nilipokuwa nakata ovyo hayo yote yalikuwa hayapo.

BintiTanga

Da Mama Watatu, bibi yangu anaweka magadi kwenye maharage yanaiva haraka. Kwa nini usiseme magadi tu, kuloweka usiku kucha nasahau?

MamaWatatu

Binti, mama mkwe naye alikuwa mtu wa magadi, nimezungumza naye kwa heshima na kwa muda mrefu. Yanalainisha kweli. Lakini yanaharibu vitamini fulani za kundi B zilizomo kwenye maharage, na kwa nyumba ambayo maharage ndiyo chakula kikuu, hasara hiyo ni kubwa. Ukisahau kuloweka, chemsha maji yatokote, mwagia maharage, funika saa moja au mbili, kisha mwaga na uanze na maji mapya. Si sawa na usiku kucha lakini inasaidia. Au siku hiyo pika choroko.

Mimi nimefunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa ndoo ya maji ya kunywa. Kila mtu akienda kunywa kabla ya kulala anakiona, na anayekiona kwanza ndiye anayeloweka. Mwanangu wa pili ana miaka tisa na ndiye anayewahi zaidi.

Nyali_Kwetu

Na usipokuwa na friji? Yakibaki yanachacha, joto la pwani unalijua.

MamaWatatu

Sina friji. Napika ya mchana na usiku basi, na yale ya usiku siyaungi mapema. Maharage yaliyochemshwa kwa maji na chumvi yanavumilia kuliko yenye kitunguu na nyanya, na yenye nazi ndiyo yanayochacha kwanza. Jioni nayachemsha upya kabla ya kuyaunga. Wali wa nazi kwetu haulali, napima vikombe vinne na nusu, ni vya watu sita, sahani zinarudi tupu. Tukichemsha maharage mengi ya kikundi, mwenzetu mmoja ana friji, tunamwekea kwenye vifuko na tunamchangia umeme elfu moja kila mtu kwa mwezi.

Masika yakianza mkaa utapanda na utakuja umelowa, mzito kwenye kisado na hauwaki. Sisi tumeshaanza kuweka akiba ya gunia moja la watu wanne, limeinuliwa juu ya matofali chini ya ngazi. Mwenye nafasi kavu afanye hivyo wiki hii, mawingu ya huku Mbagala tangu jana si mazuri.